Mwenzetu wa Kazini Haonekani: Ni Lini Tuende Polisi?

Mshahara umetoka na mwenzenu hakuja kuuchukua. Simu yake iliita siku mbili bila kupokewa, leo imezimika. Mwajiri ananung'unika kwamba huyu keshaacha kazi. Mwengine ananong'ona kwamba huenda kasafiri kwao. Nyinyi mnaokaa naye meza moja mnajua kwamba hajapata kuchelewa bila ya kutuma ujumbe, na kwamba chumba alichopanga anaishi peke yake. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kina mama wafanyao kazi madukani na katika skuli za chekechea hutuuliza: je, tukapige ripoti polisi, au tutakuwa tumejitia katika yasiyotuhusu?

Pande zote mbili za swali hili zimo ndani ya sura moja. Suratul Hujurat, katika aya ya 12, inatukataza kupelelezana. Na sura hiyo hiyo ndiyo iliyoshuka, katika aya ya 2, kukataza watu kupaza sauti zao juu ya sauti ya Mtume (s.a.w.). Sahaba Thabit bin Qays, ambaye kwa maumbile alikuwa na sauti kubwa, aliisikia aya ile akajifungia nyumbani, akiamini kwamba amali zake zote zimebatilika. Mtume akamkosa barazani, akamuulizia. Katika riwaya ya Imam Muslim, aliyeulizwa ni Saad bin Muadh: je, Thabit ni mgonjwa? Saad akajibu kwamba Thabit ni jirani yake, wala hajasikia kuwa anaumwa. Kisha akaenda kumtazama, akamkuta katika huzuni ile; naye akaletewa bishara ya Pepo.

Tuzingatie kwamba jirani wa ukuta kwa ukuta hakuwa na habari. Aliyetambua pengo ni yule aliyezoea kumwona kila siku. Wangapi leo wanaonekana na wenzao wa kazini kwa saa nane, na majirani zao hawajui hata majina yao?

Kumuulizia mtu, basi, si kumpeleleza. Mpelelezi hutafuta aibu: alikuwa na nani, kalala wapi, kwa nini hakuja. Anayeulizia anataka kujua jambo moja tu, kwamba mwenziwe yu hai na yu salama. Akishalijua hilo, hurudi kazini kwake.

Kipimo cha kwanza ni desturi ya mtu mwenyewe. Aliyezoea kupotea siku mbili kila mwisho wa mwezi, mpeni siku hizo. Lakini ambaye hajakosa miaka mitatu, asubuhi moja bila ya neno yatosha kuwanyanyua. Yapo pia mambo ambayo hayataki kungojewa hata hadi jioni: mwenzenu anayedunga insulini au mwenye kifafa, mja mzito aliyekaribia siku zake, mtu ambaye juzi aligawa vitu vyake na kuaga kwa maneno ya kukata tamaa, mwanamke aliyekwisha kuwaambia kwamba anamhofu mumewe. Na msimu wa baridi na mvua tuongeze jiko la makaa lililoingizwa chumbani, dirisha likafungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini.

Ikiwa hakuna dalili ya hatari kama hizo, nendeni wenyewe kwanza. Nendeni wawili, na kwa mwanamke waende wanawake. Pigeni hodi mara tatu kama tulivyofunzwa, msikilize, kisha muulizeni mwenye nyumba na majirani: wamemwona lini, taa iliwaka jana, nguo zi bado kambani? Mwajiri aombwe atazame fomu ya kazi, kwani mara nyingi lina jina la jamaa wa karibu. Hapa pana tahadhari moja kubwa. Ikiwa jamaa huyo ni mume mwenyewe anayehofiwa, asipigiwe simu, wala asiambiwe aliyoyasema mkewe kazini. Hapo nendeni moja kwa moja kwenye dawati la jinsia la kituo cha polisi, au pigeni 1195, simu isiyo na malipo ya wanaodhulumiwa majumbani.

Hodi isipojibiwa na jamaa hawana habari, ndipo wakati wa polisi umefika. Wengi hungoja kwa sababu wamesikia kwamba mtu haripotiwi mpaka zipite saa 24. Hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inataja kuwasaidia wananchi wenye shida miongoni mwa kazi za polisi, kwa hivyo mnachoomba si hisani. Pigeni 999 au 112, au nendeni kituo kilicho karibu na anapoishi, mkiwa na jina lake kamili, picha, siku na saa aliyoonekana mwisho, na maradhi yake mkiyajua. Semeni mliyoyaona, msiongeze mnayoyashuku. Ombeni akaangaliwe hali yake, na msiondoke bila ya nambari ya OB.

Mlango usivunjwe na nyinyi. Wauvunje polisi, mwenye nyumba au mzee wa mtaa akishuhudia. Ila mkisikia mtu akigumia ndani, au mkaona moshi, basi ingieni. Mafakihi wetu wameruhusu kuingia bila idhini penye moto na penye roho inayoangamia.

Tunajua kwamba hapa Pwani neno polisi halitamkwi kwa wepesi. Masjid Musa ilivamiwa Februari 2014, watu zaidi ya mia wakakamatwa, na nyumba nyingi bado zina kidonda. Anayehofu na aende pamoja na imamu au mzee wa Nyumba Kumi, lakini asikae. Ipo hofu nyengine iliyopungua: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na watu wakaogopa kumwitia mwenzao msaada wasije wakampeleka kizimbani. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Na anayetaka kuzungumza kabla hayajafika huko, laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, bila malipo.

Huenda mlango ukafunguliwa na mwenzenu akatoka mzima, amekasirika, akasema hakutaka kuonana na mtu. Mwombeni radhi kwa usumbufu, na mliyoyaona chumbani myaache chumbani. Yasiingie katika kundi la WhatsApp la kazini. Na kama amehama kwa kukimbia dhuluma, polisi waombwe wawaambie tu kwamba yu salama. Alipo si haki yenu kupajua.

Kabla ya yote hayo, kila mmoja kazini aandike majina mawili na nambari zao: watu anaowaamini yeye, si lazima wawe wa nyumbani kwake. Karatasi iwekwe kwa mwenzake mmoja. Ni kazi ya dakika tano baada ya swala ya adhuhuri.