Maji ya ferme za zamani na watoto wetu

Tumezoea kuwaandikia juu ya mbegu, mbolea na bei ya mahindi. Mara hii tunaongea juu ya maji inayoua watoto kwenye shamba, na hasa maji ya zile ferme za zamani ambako wengi wetu wa upande wa Kolwezi tunalima leo.

Tukisikia mtoto amezama, tunafikiri mara moja Lualaba, ao ziwa la Nzilo lililojaa nyuma ya baraji ya Union Minière mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ile maji kubwa inaogopesha, kwa hiyo hakuna mama anayemwacha mtoto wa miaka miwili aende huko peke yake. Mtoto wa umri huo kwa kawaida anazama karibu na nyumba, penye maji tumeshaizoea: bwawa la samaki, kisima cha bustani, tangi ya saruji ya kunyweshea ng'ombe, shimo ya matofali, shimo ya kulowekea mihogo. Hata ndoo inatosha.

Kwa nini ferme za zamani? Wakati wa Wabelgiji, mabwawa ya samaki yalichimbwa kwa wingi. Hapa Katanga kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, kilifanya utafiti wa kufuga tilapia, na kabla ya uhuru Kongo nzima ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000. Halafu uhuru ukaja, wenye ferme wengine wakakimbia, na mwaka 1973 serikali ya Mobutu ikanyang'anya wageni mashamba na biashara zao. Ferme ikapita mkono kwa mkono. Nyumba kubwa ilianguka, mabati yaliondoka, lakini shimo ya maji ilibaki pale. Jambo moja tunasahau: familia ya mzungu ilikuwa na yaya wa kulipwa, kazi yake kumwangalia mtoto. Leo bwawa ni lilelile na yaya hayuko. Bwawa lenyewe mara nyingi halina mwenyewe anayejulikana, basi hakuna anayelijengea lupango.

Tena mtoto anazama kimya. Hapigi kelele, hapungi mikono kama tunavyodhani. Maji ikifunika mdomo, hawezi kuita, na dakika chache zinatosha. Mama anapalilia hatua thelathini tu kutoka hapo, na hasikii kitu. Shirika la Afya Duniani linahesabu karibu watu 300,000 waliokufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kwa koperative, siyo kwa mama peke yake. Tembeeni shamba lote, muhesabu kila shimo yenye maji. Bwawa lisilo na samaki, fungueni mlango wa kutolea maji, likauke. Shimo ya matofali iliyoisha kazi, jazeni udongo. Kisima kifunikwe kwa kifuniko ambacho mtoto hawezi kukisukuma. Bwawa linalofanya kazi lizungushiwe lupango ya miti ao matete, ifike kifua cha mtu mkubwa. Miti isimame wima, bila vijiti vya kulala ambavyo mtoto atavitumia kama ngazi, na nafasi katikati isipitishe kichwa chake. Angalieni sana upande wa mlango wa maji, maana hapo ndipo kina kinazidi na ukingo unateleza.

Lupango haitoshi peke yake. Huko Bangladesh, vijiji vilipanga mama mmoja aliyefundishwa kulinda watoto wadogo pamoja saa za asubuhi, wakati wazazi wana kazi, maana ndiyo saa nyingi walizokuwa wanazama. Kwa watoto waliowekwa hapo, vifo vya kuzama vilipungua zaidi ya 80 kwa mia. Tunaona koperative inaweza kufanya vile wakati wa kupalilia na kuvuna: mama mmoja halimi siku hiyo, anabaki na watoto, na siku yake inahesabiwa kama siku ya shamba. Asipohesabiwa, mpango hautamaliza wiki mbili. Na tusimwachie kazi hiyo dada wa miaka saba.

Karibu na kila bwawa wekeni kamba ndefu na bidoni tupu iliyofungwa kifuniko vizuri. Bidoni inaelea. Asiyejua kuogelea atupe bidoni, asiingie, maana mara nyingi mwokozi naye anazama.

Mtoto akitolewa na hapumui, usimning'inize kichwa chini, usimkamue tumbo: unapoteza wakati. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano mdomoni huku umebana pua. Kwa mtoto mchanga, funika mdomo na pua pamoja. Asipoamka, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, pulizia mara mbili, endelea hivyo bila kuacha, na mwengine akimbie kutafuta motari. Hata akilia na kuomba bukari, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kwani maji iliyoingia kwenye mapafu inaweza kumrudishia shida saa kadhaa baadaye.