Usingoje Kufungiwa Mlango Ndipo Utafute Msaada

Kodi ya miezi miwili imekulemea, na mwenye nyumba amekwisha kukuonyesha kufuli. Aghalabu mtu katika hali hiyo huona haya akanyamaza, hadi siku anapojikuta nje pamoja na watoto na magunia. Ndipo maradhi huanza: baridi ya usiku, homa ya mapafu kwa wadogo na, jambo linalosahaulika sana, dawa kukatizwa.

Ikiwa unatumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya Ukimwi, nenda kwanza kwenye kliniki yako. Matibabu ya kifua kikuu kwa kawaida huchukua miezi sita, na kuyakatiza huweza kuleta ugonjwa sugu usiosikia dawa hizo tena. Omba barua ya uhamisho ili uendelee kutibiwa kokote utakakopata pa kulala. Usifiche kwamba unafukuzwa; hospitali kubwa za umma zina maafisa wa ustawi wa jamii wanaoweza kukuelekeza penye hifadhi.

Mama anayekimbia kipigo apige simu nambari 1195, bila malipo. Usishangae ukinyimwa anwani ya nyumba ya hifadhi. Hufichwa makusudi ili mume asikufuate, nawe utaelekezwa jinsi ya kufika. Tena, sheria ya mwaka 2015 kuhusu dhuluma za nyumbani huipa mahakama uwezo wa kuamuru mchokozi ndiye atoke. Wangapi wanajua hilo?

Kwa mtoto asiye na makao, nambari ni 116, usiku na mchana, au uende kwa afisa wa watoto.

Je, kodi yako haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kama vyumba vingi vya mabanda? Basi mwenye nyumba haruhusiwi kukutoa bila idhini ya mahakama ya kudhibiti kodi za nyumba, wala kukuudhi makusudi ili uchoke uhame. Peleka malalamiko huko mapema, ungali ndani.

Mwanamume mzima aliyeshindwa na kodi tu ana milango michache: chifu, kanisa, msikiti, jamaa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya makao, lakini usiku ukiingia karatasi haimfuniki mtu.

Popote uendapo, beba kitambulisho, kadi ya kliniki na kijitabu cha chanjo za mtoto. Ukiviacha ndani na kufuli ikafungwa, kila ofisi itakuanzisha upya.