Meseji Zako Hazijibiwi? Cheki Kwanza Vile Unaziandika

Ushawahi tuma meseji, ukaona tiki mbili za bluu, halafu kimya? Kabla uanze kulaani mtu kwa roho, nisikize kidogo. Hii kitu karibu inikoseshe keja.

Niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, nikaanza kuandikia watu stori za mtandaoni. Hiyo ndiyo wera hunilisha mpaka leo. Sasa kuna mwezi klayenti mmoja alikuwa na deni langu, thao kumi na nane. Nikamtumia meseji ndefu: salamu, pole na kazi, mvua ya huku mtaani, mathe amekuwa mgonjwa, nashukuru kwa nafasi. Pesa niliitaja chini kabisa, tena na aibu: "kama itawezekana, ukipata nafasi."

Alinijibu na kidole gumba.

Wiki mbili baadaye nilipata mwenye ploti ameniwekea kufuli kwa mlango. Kumpigia klayenti, ananiambia, "Si ungesema? Nilidhani unanisalimia tu." Pesa iliingia hiyo jioni.

Maze, na mimi ndio nalipwa kuandika! Tangu siku hiyo nilibadilisha mambo manne.

1. Ombi likae juu. Wengi husoma ule mstari wa kwanza unaotokea kwa skrini na kuendelea na shughuli zao. Salamu huwezi ruka, sisi si watu wa hivyo. Lakini moja inatosha, kisha useme kilichokuleta.

2. Jifunze na meseji ya M-Pesa. Tumekuwa nayo tangu 2007 na hakuna mtu huuliza inamaanisha nini. Inakuambia imethibitishwa, pesa ngapi, imeenda kwa nani, tarehe gani, saa ngapi, umebaki na ngapi. Basi. SMS moja ya kawaida hubeba herufi 160, kwa hivyo kila neno likipanda lazima lilipe nauli.

3. Taja siku na kiasi. "Hivi karibuni" si siku. "Kitu kidogo" si kiasi. Ukiacha mtu abahatishe, atabahatisha ile inamfaa yeye.

4. Soma kwa sauti kabla utume. Ukikosa pumzi katikati, kata hiyo sentensi. Ukijiskia kama unaongea na mbogi ya base na hiyo meseji inaenda kwa mdosi, rekebisha.

Siku hizi nikidai changu naandika hivi: "Habari ya asubuhi, madam. Naomba malipo ya kazi ya Machi, shilingi 18,000, makala 6 nilizotuma tarehe 28. Naweza kuyapata kufikia Ijumaa? Asante sana." Hapo hakuna matusi wala kujipendekeza. Akiwa hana, atakuambia hana, na wewe utajua mapema uende uongee na mwenye ploti kabla ya kufuli.

Lakini wacha nikuambie ukweli wenyewe. Ile meseji yangu ya kwanza haikuwa ndefu juu sijui kuandika. Ilikuwa ndefu juu niliogopa kuambiwa hapana. Nilificha ombi ndani ya salamu ndio nikikataliwa nijifanye sikuwa nimeomba. Wengi wetu tulilelewa tukijua kuomba moja kwa moja ni kukosa adabu. Mimi naona adabu ni kumrahisishia mtu kazi: asome mara moja, aelewe, ajibu.

Sasa fungua ile meseji umekuwa ukizungusha wiki nzima, iwe ya kazi, ya deni au ya kuomba msamaha. Hesabu: ombi lako liko mstari wa ngapi? Lipandishe juu, kisha tuma.