Povu Katika Kegi: Somo la Gesi na Vimiminika Kando ya Ziwa

Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwanafunzi wa jiografia huikariri tarakimu hiyo na kuisahau baada ya mtihani. Lakini mkazi wa Mwanza aliyeweka kegi ya bia ndani ya jokofu nyumbani kwake hukutana nayo kila afunguapo koki. Hutarajia kinywaji chenye povu la vidole viwili juu yake, naye hupata glasi iliyojaa povu tupu. Humwaga, hujaribu tena, na kabla ya kegi kwisha sehemu kubwa ya fedha yake imekwisha kupita katika karo. Kwa mwenye kilabu, upotevu huo ndio tofauti kati ya faida na hasara. Nao si jambo la Mwanza peke yake: ng'ambo ya ziwa, mjini Kisumu, kiwanda kilichofunguliwa upya mwaka 2019 hutengeneza bia ya kegi kwa kutumia mtama, nayo humiminwa katika miji na vijiji vingi vya Kenya.

Watu wengi hudhani kwamba povu hutokana na gesi kuzidi. Kwa hiyo hupunguza kanieneo ya gesi inayoingia katika kegi. Siku ya kwanza hali huonekana kutulia. Siku ya pili povu huwa jingi kuliko awali, na bia yenyewe iliyo chini ya povu imepooza. Kuna fizikia nzuri katika kosa hili, na yafaa ifuatwe hatua kwa hatua.

Lita moja ya bia ya kawaida hubeba takriban gramu 5 za kaboni dayoksaidi iliyomumunyika. Mwaka 1803 Mwingereza William Henry alieleza kwamba kiasi cha gesi kinachomumunyika katika kimiminika hulingana na kanieneo ya gesi hiyo juu ya kimiminika. Joto nalo lina neno lake. Chini ya kanieneo ya angahewa moja, lita ya maji yenye digrii 0 za sentigredi huweza kushika gramu 3.3 za gesi hii. Maji yakifika digrii 25, hushika gramu 1.5 tu. Ndiyo maana soda iliyoachwa juani hububujika inapofunguliwa. Bia yenye digrii 3 huhitaji kipimo cha mtungi kisome karibu angahewa 0.8 ili gramu zake 5 zitulie; bia hiyo hiyo ikiwa na digrii 25 huhitaji zaidi ya angahewa 2.

Kanieneo ikipunguzwa chini ya kiwango hicho, gesi haina sababu ya kubaki ndani ya bia. Huanza kutoka humo kegini na ndani ya mpira wa kupitishia bia. Anayetumia mpira unaopenya nuru ataona vipande vya gesi vikitangulia bia kuelekea kwenye koki. Povu hilo ni dalili ya kanieneo ndogo, wala si kubwa.

Hapa ndipo mita 1,134 zinapoingia. Kanieneo ya hewa mjini Mwanza ni takriban angahewa 0.88, wakati Dar es Salaam ni karibu 1. Kipimo kilichofungwa kwenye mtungi wa gesi hakionyeshi kanieneo yote; huonyesha tofauti tu kati ya ndani na nje. Kipimo kinaposoma 0.8, kanieneo halisi ndani ya kegi iliyoko Dar es Salaam ni angahewa 1.8, na ya Mwanza ni 1.68. Majedwali mengi yanayofuatana na vyombo hivi yametungwa kwa ajili ya watu wa pwani. Mtu wa Mwanza anayeyafuata neno kwa neno huinyima bia yake gesi kidogo kila siku, bila kujua. Anapaswa kuongeza 0.12 juu ya tarakimu iliyoandikwa.

Sababu ya pili, na pengine ndiyo ya kwanza kwa wingi, ni haraka. Kegi ya lita 30 ikiletwa nyumbani ikiwa na digrii 25, kuishusha hadi digrii 3 ni kuiondolea jouli 30 × 4,200 × 22, yaani karibu jouli milioni 2.8. Jokofu linaloondoa joto kwa kiwango cha wati 100 litaifanya kazi hiyo kwa muda unaokaribia saa nane, na hapo mlango usifunguliwe wala umeme usikatike. Mwenye haraka hushika kegi kwa nje, huisikia baridi, akafungua koki. Chuma kimepoa, bia ya katikati bado.

Tena, glasi ya kwanza inaweza kutoka povu na ya pili ikatoka vizuri. Hapo kegi haina hatia. Koki na sehemu ya mpira ziko juu, nje ya baridi, na bia baridi ikikuta chuma chenye joto huachia gesi yake. Feni ndogo inayopuliza hewa ya jokofuni kuelekea juu huondoa tatizo hilo.

Kama joto na kanieneo ni sawa na povu bado lipo, utazamwe mpira. Kazi yake ni kuila kanieneo polepole, ili bia ifike kwenye koki kwa upole. Mpira mfupi au mpana hauwezi. Daktari Mfaransa Poiseuille, aliyechunguza mwendo wa damu katika mishipa katika karne ya 19, alionyesha kwamba wingi wa kimiminika kinachopita hufuata kipeo cha nne cha nusukipenyo: njia ikipanuliwa mara mbili, kinachopita huongezeka mara 16. Kanuni yake ni ya mtiririko mtulivu, na bia katika mpira wa milimita 5 huenda kwa misukosuko. Hata hivyo mwelekeo ni ule ule. Dawa ni mpira mrefu zaidi na mwembamba. Bia ikitoka kwa kuvutavuta, itazamwe kama mpira umekunjika, umeziba au umeshika barafu. Uchafu nao huzaa viputo, kwani gesi hupenda kuanzia kwenye mikwaruzo na magamba; hivyo mpira na koki zisafishwe kila baada ya majuma mawili.

Povu likikosekana kabisa, huenda lawama ni ya glasi. Povu la bia hushikiliwa na protini za shayiri pamoja na uchungu wa hopsi, na mafuta huuvunja ushirika huo. Mlaji wa sato wa kukaanga ataliua povu kwa midomo yake mwenyewe. Mwaka 2002 Mjerumani Arnd Leike alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba povu la bia hupungua kwa kanuni ile ile ya nusumaisha inayotumika kwa madini nururifu, akapewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel. Mwalimu anaweza kulirudia jaribio hilo darasani kwa kinywaji cha kimea kisicho na kilevi, rula na saa.

Jambo moja halina mzaha. Kaboni dayoksaidi haina rangi, na ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu. Mtungi wa kilo 5 ukivuja wote mjini Mwanza hutoa gesi zaidi ya mita 3 za ujazo. Katika chumba kilichofungwa chenye urefu na upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5, hiyo ni zaidi ya sehemu 10 kwa mia ya hewa, kiasi cha kumpotezea mtu fahamu na kumuua. Tarehe 21 Agosti 1986 gesi hii ilifumuka kutoka Ziwa Nyos, Kamerun, ikaua watu wapatao 1,700 na mifugo yao. Ziwa Kivu, lenye kina cha karibu mita 480, limehifadhi gesi hiyo kwa wingi mkubwa mno. Ziwa Victoria halina hatari hiyo, kwa kuwa kina chake hakizidi sana mita 80 na maji yake huchanganyika kila mwaka. Chumba kisicho na dirisha hakina upepo wa kukichanganya. Mtungi ukae mahali penye hewa, umefungwa usianguke, na viungo vyake vipakwe maji ya sabuni kila kegi inapobadilishwa: palipovuja patatoa viputo.