Tiketi Bila Kombe: Rekodi za Mchujo wa Wasichana U-17

Afrika haijawahi kuwa na bingwa wa soka la wasichana chini ya miaka 17. Ulaya wanaye, Asia wanaye, Amerika Kusini wanaye. Huko timu hukusanyika nchi moja, hucheza mpaka fainali, nahodha hunyanyua kombe, na waliofika mbali ndio wanaokwenda Kombe la Dunia. Kwetu ni mtoano wa nyumbani na ugenini, raundi baada ya raundi, na raundi ya mwisho humalizika kwa washindi watatu au wanne ambao hawatakutana kutafuta mkubwa wao. Zawadi ni tiketi. Hakuna medali, hakuna kombe la kuweka kabatini, na mara nyingi hakuna hata kamera ya maana uwanjani.

Kwa hiyo rekodi za mchujo huu husahaulika upesi, ingawa baadhi yake ni za ajabu kuliko zile za fainali zenyewe.

Tuanze na ya ajabu kuliko zote, ambayo si ya Afrika. Ni ya timu iliyotolewa bila kuruhusu bao hata moja. Marekani walicheza fainali ya Kombe la Dunia la kwanza la umri huu, New Zealand mwaka 2008, wakafungwa 2-1 na Korea Kaskazini katika muda wa nyongeza. Machi 2010 wakaingia kwenye mchujo wa kanda yao nchini Costa Rica kama wababe. Wapinzani waliokutana nao kwenye makundi walitandikwa. Nusu fainali wakakutana na Canada, dakika zikaisha 0-0, zikaja penalti, Canada wakapita. Wenyeji wa fainali, Trinidad na Tobago, walikuwa na nafasi yao tayari, kwa hiyo zilibaki tiketi mbili tu kwa wanaofika fainali. Wamarekani wakacheza mechi ya mshindi wa tatu, wakashinda, wakafungasha virago. Nyavu zao hazikutikiswa kwenye mchezo wa kawaida tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Miaka miwili baadaye mkosi uliwafuata mpaka Azerbaijan. Safari hii walifuzu, wakapangwa na Ufaransa, Korea Kaskazini na Gambia. Vigogo watatu walitoka sare wao kwa wao, kila mechi. Hesabu yote ikabaki kwa Gambia: nani atamfunga mabao mengi zaidi? Korea Kaskazini waliweka 11-0. Ufaransa 10-2. Marekani 6-0. Wakatolewa na mabao yao sita bila kupoteza mechi hata moja, na wale wawili waliowapiga kikumbo wakakutana tena fainali, Ufaransa wakatwaa kombe kwa penalti baada ya sare ya 1-1.

Gambia waliondoka na kapu la mabao 27, na hadi leo wanatajwa kwa hilo tu. Mimi naona wameonewa. Afrika ilikuwa na nafasi tatu, bara zima, na Gambia walizipigania wakapata mojawapo, pamoja na Ghana na Nigeria. Mabao yao mawili dhidi ya Ufaransa yaliingia kwenye nyavu za mabingwa wa dunia wa mwaka ule. Tena katika mashindano hayohayo Nigeria nao waliwachapa wenyeji Azerbaijan 11-0, na wenyeji hawakupita kwenye mchujo wowote. Anayetaka kujua mchujo una kazi gani aanzie hapo.

Kuhusu wasiokosa kamwe: tangu 2008 hadi mashindano ya Morocco ya 2025, Japan na New Zealand wamecheza kila awamu. Ila njia zao hazifanani hata kidogo. Japan hupitia Asia, wanakokutana na Korea mbili, China na Australia. New Zealand mara ya kwanza walikuwa wenyeji, na baada ya hapo hupitia Oceania, ambako kwa miaka mingi hakukuwa na wa kuwazuia. Nadhani ndiyo njia nyepesi kuliko zote duniani. Lakini kabla hujawabeza, kumbuka kwamba mwaka 2018 kule Uruguay hao hao waliwatoa Japan robo fainali na kumaliza nafasi ya tatu. Mwaka 2025, nafasi zilipoongezwa, Samoa nao wakapenya kupitia Oceania.

Kwa Afrika, anayekaribia rekodi hiyo ni Nigeria, aliyekosa mara moja tu: 2018, mwaka ambao tiketi zilichukuliwa na Cameroon, Ghana na Afrika Kusini. Ghana walikuwa na mfululizo safi tangu 2008 hadi 2018, ukakatwa na Morocco kwenye mchujo wa 2022. Walishinda nyumbani 2-0, wakaenda ugenini wakafungwa 2-0, wakatolewa kwa matuta. Morocco wakawa wa kwanza kutoka Afrika Kaskazini kufika fainali hizo. Medali za shaba za bara hili ni mbili tu, ya Ghana 2012 na ya Nigeria 2022, na kwa bahati ya ajabu zote zilichukuliwa mikononi mwa Ujerumani.

Sasa nyumbani. Kwa ukanda wetu wa Afrika Mashariki, rekodi kubwa kuliko zote za mchujo huu inabaki ile ya Mei 2022, jijini Yaoundé. Serengeti Girls wa Tanzania, chini ya kocha Bakari Shime, walikuwa wamefika raundi ya mwisho. Cameroon walikuwa wamecheza Kombe la Dunia la umri huu mara mbili, 2016 na 2018. Tanzania haikuwa imewahi kupeleka timu ya soka kwenye Kombe la Dunia la FIFA la aina yoyote, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa wadogo. Mechi ikaisha Cameroon 1, Tanzania 4.

Tazama hesabu iliyobaki kwa marudiano. Kwa kanuni ya goli la ugenini, Cameroon wakija Zanzibar na kushinda 3-0 bado wanatolewa. Walihitaji angalau mabao manne. Na ndani ya Uwanja wa Amaan hawakupata hata moja. Tanzania wakashinda 1-0, jumla 5-1. Tumezoea timu zetu kwenda ugenini kupaki basi na kuomba sare, kisha kurudi kumalizia mbele ya mashabiki. Watoto hawa walifanya kinyume chake, wakamaliza kazi Yaoundé na kuifanya mechi ya nyumbani iwe ya kukamilisha ratiba.

Walichofanya baadaye kwenye fainali kule India kinajulikana zaidi, kwa hiyo nakipitia haraka. Japan waliwafunga 4-0 mechi ya kwanza, na wengi wakadhani safari imeishia hapo. Kisha wakawapiga Ufaransa 2-1 kwa mabao ya Diana Mnally na Christer Bahera, wakatoka 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali huku Ufaransa na Canada wakienda nyumbani. Colombia, waliokuja kucheza fainali, ndio waliowasimamisha kwa 3-0.

Kenya walifuata 2024. Junior Starlets wa kocha Mildred Cheche walikutana na Burundi raundi ya mwisho, Afrika Mashariki kwa Afrika Mashariki, kitu ambacho hakijazoeleka hatua hiyo. Burundi walichezea “nyumbani” kwao Addis Ababa, wakafungwa 3-0 katika nchi ya watu. Ni rekodi ambayo haimo kwenye kitabu chochote, lakini ndiyo inayoumiza timu nyingi za ukanda huu: kucheza mechi ya nyumbani bila nyumbani. Marudiano yalikuwa Ulinzi Sports Complex, Nairobi, Juni 16, na Kenya wakaongeza mawili. Jumla 5-0, na nchi hiyo ikapata timu yake ya kwanza ya soka kufuzu Kombe la Dunia la FIFA, kabla ya timu za wakubwa, Harambee Stars ya wanaume na Harambee Starlets ya wanawake. Kwenye fainali, huko Jamhuri ya Dominika, walifungwa na England na Korea Kaskazini, wakaaga kwa kuwafunga Mexico 2-1.

Rekodi ya waliofika karibu zaidi bila kufika naipa Uganda. Katika mchujo wa 2020 waliwatoa Ethiopia, wakawatoa Tanzania, ikabaki Cameroon peke yake kati yao na Kombe la Dunia. Mechi haikuchezwa. Corona iliingia, michezo ikasimama, fainali zikasogezwa 2021, halafu zikafutwa kabisa na India wakapewa za 2022. Uganda hawakutolewa na mtu wala hawakukosea kitu. Kikosi kile kilikuwa cha waliozaliwa kuanzia 2003, na 2022 ilipofika mpaka ukawa 2005. Wengi wao walikuwa wameshavuka umri.

Na hapo kuna dosari ambayo watu wa soka la vijana waliilalamikia kwa muda mrefu. Mashindano yakifanyika kila baada ya miaka miwili, mwaka wako wa kuzaliwa unakuwa nusu ya bahati yako. Msichana wa 2005 alikwenda India akiwa mkubwa wa kikosi. Wa 2006 alikuwa na miaka 16 wakati huo, akigombea namba na dada zake, na ilipofika 2024 alikuwa na 18, hatakiwi tena. Mwaka mmoja tu kati yao, na mmoja amenyimwa kilele chake.

FIFA imelirekebisha hilo. Tangu 2025 mashindano ni ya kila mwaka, timu zimetoka 16 hadi 24, na Morocco ndio wenyeji kwa awamu tano mfululizo mpaka 2029, rekodi nyingine ambayo hakuna aliyeifikiria. Kwa Afrika maana yake ni tiketi nne za mchujo juu ya ile ya wenyeji. Za kwanza zilichukuliwa na Cameroon, Ivory Coast, Nigeria na Zambia, na Korea Kaskazini wakamaliza kazi kwa kuwafunga Uholanzi 3-0 katika fainali, taji lao la nne. Ukanda wetu, uliokuwa na mwakilishi mwaka 2022 na mwingine 2024, mwaka huo wa 2025, nafasi zikiwa nyingi kuliko wakati wowote uliotangulia, haukupata hata moja.