Ukambani Inakopeshwa Fidia Yake

Oktoba 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 za kuzisaidia kaunti za Kenya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Mpango huo unaitwa FLLoCA, na kamati za wadi za Makueni na Kitui, kaunti za Ukambani, zinaujua vizuri, kwani kupitia kwazo wakazi wenyewe hupendekeza miradi ya maji na ya mashamba. Ni mpango mzuri. Lakini fedha hizo ni mkopo. Masharti ni nafuu na muda wa kulipa ni mrefu, ila mlipa kodi wa Kenya, akiwemo mkulima wa ndengu wa Kibwezi, ndiye atakayezirudisha.

Ukame si mgeni Ukambani. Njaa ya Ngomanisye, mwishoni mwa karne ya 19, ilikuja kabla hakujawa na gari hata moja barabarani. Kilichozidi sasa ni ukali. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika Pembe ya Afrika, mashariki mwa Kenya ikiwemo. Wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria, Aprili 2023, kwamba ongezeko la joto duniani liliufanya ukame wa aina hiyo kuwa rahisi kutokea takriban mara 100 zaidi. Mchango wa Kenya katika gesi zinazoleta joto hilo ni mdogo sana.

Mataifa yalikwisha kukubaliana kuhusu nani abebe mzigo huu. Mkataba wa tabianchi wa mwaka 1992 unasema wajibu ni wa wote lakini haulingani: aliyechafua zaidi na mwenye uwezo zaidi atangulie. Mwaka 2009, mjini Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Zilichelewa miaka miwili. Shirika la OECD lilipotangaza kwamba mwaka 2022 kiwango kilifikia karibu bilioni 116, wengi walipiga makofi bila kuuliza fedha hizo ni za aina gani. Takriban asilimia 70 ya fedha za umma zilizohesabiwa zilikuwa mikopo. Katika hesabu hiyo, dola iliyokopeshwa huandikwa sawa na dola iliyotolewa bure.

Kwa anayelipa, hazilingani hata kidogo. Mwishoni mwa 2021 dola 1 ilinunuliwa kwa takriban shilingi 113. Januari 2024 ilipita 160. Mkopo wa fedha za kigeni ulinenepa bila mtu kukopa hata senti ya ziada.

Makueni nayo haikukaa ikingoja ahadi ya Copenhagen. Mwaka 2015 kaunti hiyo ilipitisha kanuni za mfuko wake wa tabianchi na kuutengea asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Kitui ikafuata baadaye. Na kabla ya kaunti kuwepo, vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, vilikuwa vikijenga mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hukatizwa mtoni juu ya mwamba. Mvua ikinyesha, mto huleta mchanga na kuurundika nyuma ya ukuta, na maji hubaki yamejificha kati ya chembe zake, jua lisiyafikie. Shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa hayo Kitui tangu miaka ya 1990, wanakijiji wakibeba mawe na mchanga wenyewe. Jasho hilo haliingii kwenye hesabu za OECD. Kwa maoni yangu, huo ndio mchango wa tabianchi ulio safi kuliko mingine yote.

Kisha kuna bonde la Mui, Kitui. Chini yake kuna makaa ya mawe. Kitalu C peke yake kilikadiriwa kuwa na tani milioni 400. Kampuni ya Fenxi kutoka China ilipewa vitalu, lakini uchimbaji wa kibiashara haujaanza. Wakazi wengi waliogopa kuhamishwa, na mimi siwezi kusema walikosea. Hata hivyo Uingereza, iliyojenga viwanda vyake kwa makaa, ilifunga kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa Septemba 2024 tu, ikiwa imeshatajirika. Afrika Kusini, ilipokubali mwaka 2021 kupunguza makaa, iliahidiwa dola bilioni 8.5, nyingi zikiwa mikopo. Mui haijaahidiwa chochote kwa sababu bado haijachafua chochote. Mfumo wa sasa humlipa anayeacha kuchoma, si yule ambaye hakuwahi kuanza.

Katika mkutano wa tabianchi wa Baku, Novemba 2024, lengo jipya la fedha lilipitishwa: angalau dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. India ililikataa waziwazi. Wajumbe wa Afrika nao walilalamika kuhusu kiasi, na walikuwa na haki, ila mimi ningeanza na swali jingine. Maandishi ya Baku yanaruhusu fedha hizo zitoke popote, za umma na za binafsi, bila kusema ni ngapi zitakuwa ruzuku. Mjumbe wa Kenya akirudi mezani, apiganie kwanza idadi hiyo moja.