Shule au Kazi? Vijana wa Muaither na Fomu ya Masomo ya Dizaini

Katika mtaa wa Muaither ulioko kwenye manispaa ya Al Rayyan, magharibi mwa mji wa Doha, hivi karibuni tulikaribishwa chai na familia moja yenye asili ya Mombasa. Kando ya birika kulikuwa na fomu ya kuombea masomo ya shahada ya uzamili ya dizaini nchini Canada. Binti wa nyumba hiyo alikuwa amekwisha kuijaza yote isipokuwa kisanduku kimoja kidogo, kile kinachomuuliza mwombaji iwapo anataka pia kujiunga na mpango wa koopu. Baba yake akatuuliza: je, hiyo ni shule au ni kazi?

Jibu ni kwamba ni yote mawili. Koopu ni utaratibu ambao mwanafunzi husoma darasani kwa muhula mmoja au zaidi, kisha hupelekwa kufanya kazi kwenye kampuni au taasisi inayohusiana na somo lake, halafu hurejea chuoni. Utaratibu huo ulianza mwaka 1906 katika Chuo Kikuu cha Cincinnati nchini Marekani, pale Herman Schneider alipowagawa wanafunzi 27 wa uhandisi katika makundi mawili yaliyopokezana baina ya darasa na kiwanda. Nchini Canada mfumo huo ulipata nguvu kupitia Chuo Kikuu cha Waterloo, kilichoanza nao mwaka 1957.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Mafundi wa kuchonga milango wa Lamu na Zanzibar waliwafunza wanagenzi wao karakanani, si kwa vitabu. Vyuo vyetu pia huwapeleka wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo. Hata hivyo kuna tofauti. Mafunzo hayo ya kwetu mara nyingi ni ya wiki chache, na aghalabu mwanafunzi hujilipia nauli na chakula. Koopu kwa kawaida huchukua muhula mzima wa takriban miezi minne, na aghalabu ina mshahara.

Hapana shaka kuwa neno hilo mshahara ndilo linalowavutia wengi, na hapo ndipo penye hatari. Kukubaliwa katika mpango huo si kupewa kazi. Kwa kawaida chuo humwonyesha mwanafunzi nafasi zilizopo na kumsaidia kuandika wasifu wake, lakini ni yeye mwenyewe anayeshindana na wenzake kwenye usaili. Mwajiri wa dizaini, kabla ya kuangalia alama za mtihani, huomba kuona mkusanyo wa kazi za mwombaji. Kazi chache zilizoelezwa vizuri, tangu mchoro wa kwanza hadi kitu kilichokamilika, zina uzito zaidi kuliko picha nyingi zisizo na maelezo.

Aidha, kila chuo kina sharti lake. Kuna vinavyotaka mwombaji achague koopu tangu fomu ya kwanza, na kuna vinavyomsubiri amalize muhula mmoja au miwili kwa alama nzuri. Vingi hutoza ada ya ziada kwa ajili ya mpango huo. Isitoshe, miezi ya kazi huongeza urefu wa masomo. Kwa hiyo mzazi aliyeweka akiba ya kodi ya nyumba ya miaka miwili anapaswa kupiga hesabu upya, kwani mshahara wa koopu unaweza kuchelewa au usipatikane kabisa.

Suala jingine muhimu ni vibali. Nchini Canada, muda wa kazi ya koopu kwa mwanafunzi wa kigeni haupaswi kuzidi nusu ya masomo yake. Nchini Marekani, mwanafunzi mwenye viza ya F-1 kwa kawaida hutakiwa kwanza amalize mwaka mzima wa masomo, ingawa masomo ya uzamili yanayolazimisha kazi tangu mwanzo husamehewa sharti hilo. Na akifanya kazi hiyo ya mafunzo kwa saa kamili kwa miezi 12 au zaidi, hupoteza haki ya kufanya kazi ya mafunzo baada ya kuhitimu katika ngazi hiyo ya masomo. Wengi hulijua hilo wakiwa wamechelewa.

Kwa kijana wa Muaither kuna hesabu ya ziada. Mkazi wa Qatar anayekaa nje ya nchi kwa zaidi ya miezi sita mfululizo huhitaji idhini maalumu ili arejee kwa kibali chake cha ukaazi. Familia nyingi za Kiafrika hapa hukaa kwa kibali cha baba, na kibali hicho kinategemea ajira yake. Hivyo muhula mmoja wa kazi ng'ambo unaweza kugusa pia haki ya mtoto ya kurudi nyumbani kwa wazazi wake.

Inafaa kukumbusha pia kwamba ng'ambo si njia pekee. Si mbali na Muaither, katika mji wa elimu wa Education City, kuna tawi la Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1998 na lilianza kutoa shahada ya uzamili ya dizaini mwaka 2009. Doha yenyewe ni darasa: uwanja wa Al Thumama uliofunguliwa mwaka 2021 ulibuniwa na Ibrahim Jaidah kwa umbo la gahfiya, kofia ya kusuka ambayo hata babu zetu wa pwani wangeitambua.

Tulipoondoka usiku ule, kisanduku kilikuwa bado kitupu. Binti alikuwa amekwisha kukiandikia chuo maswali matatu: masomo yatarefuka kwa miezi mingapi, ada ya koopu ni kiasi gani, na mwanafunzi asiyepata kazi hufanywaje? Kwa mtazamo wetu, huo ndio mwanzo mwema. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Lakini anayekwenda kurina asali huangalia kwanza kama kamba yake itamfikisha juu na kumrudisha chini salama.